Chuchumaa Uone Viungo: Mwongozo wa Mgeni Katika Jumba la Sanaa

Mwaka juzi nilimpeleka mjomba wangu kwenye maonyesho ya sanaa jijini Nairobi. Mjomba ni fundi baiskeli. Tangu nipate fahamu mikono yake inanuka grisi, na hajawahi kulipa hata senti kutazama kitu kilichotundikwa ukutani. Nilimhakikishia kwamba kuingia ni bure. Katikati ya ukumbi palisimama sanamu iliyoungwa kwa fremu ya baiskeli, sufuria mbili zilizotoboka, mnyororo na kipande cha bati la paa. Ukutani zilitundikwa picha kubwa za rangi nyeusi na nyekundu, mistari ikikimbia huku na huko bila kuchora mtu wala mti. Wageni wengine walisimama hatua tatu nyuma, glasi mkononi, wakitikisa vichwa polepole. Mjomba alichuchumaa.

Alichungulia chini ya ile sanamu kwa muda hata askari akaanza kusogea upande wetu. Kisha akaniita.

"Hebu njoo uone. Hapa amechomelea. Hapa amefunga kwa waya. Mashine anayo, mbona hakuchomelea pote?"

Nimeingia majumba ya sanaa kwa miaka mingi, daftari kwapani, na sijawahi kuuliza swali zuri kama hilo. Wengi wetu tukisimama mbele ya kazi ya namna hii huuliza, "Hii ina maana gani?" Ni swali ambalo hata msanii mwenyewe pengine hulikwepa. Jibu likikosekana mgeni anajiona mjinga, anapiga picha moja kwa simu na kutoka. Wewe anza na swali la mjomba: imetengenezwaje? Jibu lake liko mbele ya macho yako na halihitaji shahada. Ukishalipata, mara nyingi ile maana nayo inaanza kujileta yenyewe.

Maonyesho ninayoyasema ni yale ambamo msanii mmoja ameleta kazi za aina mbili. Ya kwanza ni sanamu za kuungaunga: badala ya kuchonga gogo au kufinyanga udongo, msanii anakusanya vitu ambavyo tayari vilikuwa na kazi yake duniani, akaviunganisha kuwa kitu kingine. Mfaransa Jean Dubuffet aliipa kazi hiyo jina lake la Kifaransa mwaka 1953, na mwaka 1961 Museum of Modern Art ya New York ikaifanyia maonyesho makubwa. Fundi wa jua kali aliyewahi kugeuza ndoo ya rangi kuwa jiko hahitaji kuelezwa zaidi. Aina ya pili ni picha ambazo mada yake ni mwendo wa mkono wenyewe: kiharusi cha brashi, mkwaruzo, tone lililotiririka, duara lililozungushwa mara ishirini. Usitafute uso wa mtu humo ndani. Ukiuona, huenda ni wewe umeuweka.

Kabla hujatoka nyumbani

Usiende usiku wa ufunguzi kama nia yako ni kutazama. Usiku ule watu huja kuonana wao kwa wao, na kila ukisogea karibu na picha kuna bega la mtu. Nenda siku ya katikati ya wiki, asubuhi, ukumbi ukiwa na wewe, askari na feni. Chukua penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu kumbi nyingine hazitaki wino karibu na kazi. Begi la mgongoni liache mapokezi au livae kifuani. Nimeona begi likigonga sanamu, na mwenye begi ndiye aliyekuwa wa mwisho kujua. Na uvae nguo unayoweza kuchuchumaa nayo. Sitanii.

Kama uko Dar es Salaam, Nafasi Art Space ni pazuri pa kuanzia, maana wasanii wana vyumba vyao vya kazi humo humo. Unaweza kuona kazi kabla haijakauka, ukakanyaga na vumbi la msumeno. Ukishaona sakafu ya msanii, ukuta wa maonyesho hautakutisha tena.

Ukifika, usianze na yale maelezo marefu yaliyobandikwa mlangoni. Mengi yameandikwa kwa lugha ambayo aliyeiandika asingeitumia kumwita mwanawe aje kula. Yasome mwisho. Lakini kile kijikaratasi kilicho kando ya kila kazi kisome mapema, na usome mstari ambao watu huuruka: wa vifaa. "Mbao, kamba, misumari, rangi ya nyumba." Hapo msanii amekupa orodha yake ya dukani. Jina la kazi litakuwa "Bila Jina" mara nyingi kuliko unavyotarajia, na hilo lisikusumbue.

Sanamu: tafuta mahali vitu vinapokutana

Kila sanamu ya kuungaunga ni ndoa ya vitu ambavyo havikupangiwa kukutana, kwa hiyo nenda moja kwa moja penye ndoa hiyo. Mwaka 1942 Pablo Picasso alichukua kiti cha baiskeli na usukani, akaviunganisha, ikawa kichwa cha fahali: kiti ndio uso, usukani ndio pembe. Vipande viwili na kiungo kimoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni fahali, na hakuna aliyesahau kwamba ni baiskeli. Macho yako yanaruka kati ya hivyo viwili, na raha yote iko katika kule kuruka.

Sasa rudi kwa waya wa mjomba. Kuchomelea huyeyusha; vyuma viwili vinakuwa kimoja, na mshono ukisuguliwa vizuri hutajua palikuwa na viwili. Waya unaacha kila kitu na nafsi yake. Unaona idadi ya mizunguko, unaona ncha iliyopindwa kwa koleo isimchome mtu, na unajua kwamba mwenye subira angeweza kuufungua akarudisha sufuria jikoni. Katika sanamu ile ya Nairobi fremu ilikuwa imechomelewa kwenye bati, lakini sufuria zilining'inia kwa waya mwembamba, mizunguko minne kila moja. Nilipopiga hatua sakafu ya mbao ikatikisika, na sufuria zikagongana kidogo, mlio wa jikoni asubuhi. Zingechomelewa, zingenyamaza. Hilo ndilo lililokuwa jibu la mjomba, nasi tulilipata kwa kutembea.

Watu wa Pwani wana sababu ya ziada ya kuheshimu viungo. Mtepe, chombo cha kale cha Lamu na visiwa vyake, ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi, bila msumari wa chuma, na mshono wake ulionekana wazi kwa yeyote aliyesimama ufukoni. Jicho lililozoea chombo kama hicho halishangai likikutana na kazi za El Anatsui, Mghana aliyezaliwa 1944 na kufundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria. Yeye na wasaidizi wake huponda vizibo na vifuniko vya chupa za pombe hadi viwe bapa, kisha huviunganisha kimoja kimoja kwa waya wa shaba, maelfu kwa maelfu, hadi vinakuwa kama shuka kubwa la dhahabu na nyekundu linalofunika ukuta. Kwa kuwa kila kiungo ni waya, shuka hilo hukunjika. Linasafirishwa likiwa limekunjwa, na wanaolitundika huruhusiwa kupanga mikunjo yao wenyewe, hivyo kazi ile ile haifanani ukumbi huu na ule. Ukibahatika kusimama mbele yake, kwanza kaa mbali uione nguo, halafu sogea mpaka usome majina ya pombe.

Swali la pili, baada ya viungo: je, kitu kimeachwa na maisha yake ya zamani, au kimenyamazishwa? Romuald Hazoumè wa Benin hutengeneza vinyago kwa madumu ya plastiki, yale yanayotumika kuvusha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki. Dumu hukatwa, mdomo wake ukawa mdomo wa mtu, mkono wake ukawa pua. Katika kazi yake kubwa, La Bouche du Roi, vinyago 304 vya namna hiyo vimepangwa kwa umbo la meli ya watumwa. British Museum iliinunua mwaka 2007, miaka 200 baada ya Bunge la Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa. Madumu yale yangepakwa rangi yangependeza pengine, ila tungepoteza petroli, na petroli ndiyo inayounganisha aliyebeba mzigo jana na aliyebebwa kama mzigo karne zilizopita.

Karibu nasi zaidi yuko Cyrus Kabiru wa Nairobi, ambaye wengi wanamjua kwa miwani yake ya ajabu iitwayo C-Stunners, iliyotengenezwa kwa waya, vyuma na vitu vilivyookotwa mitaani. Ana pia kazi alizozifanya kwa vipuri vya Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi iliyobeba maziwa, mkaa na maharusi kabla bodaboda haijafika. Nilimwonyesha mjomba picha zake kwenye simu. Akatazama weee, kisha akataja kila kipuri kwa jina lake na kuniambia kipi hakipatikani tena madukani. Ukiwa na mtu wa aina hiyo katika ukoo wako, nenda naye. Anajua nusu ya kazi kabla hajaingia.

Usisahau kuzunguka nyuma. Huko ndiko msanii alikopunguza adabu: misumari iliyopinda, gundi iliyomwagika, namba iliyoandikwa kwa chaki.

Picha: simama aliposimama mchoraji

Hapa wageni wengi hukosea kwa umbali. Picha ya mandhari unaweza kuitazama kutoka kwenye kochi. Picha ya mwendo wa mkono ilifanywa mtu akiwa karibu na turubai, mkono umenyooka au umekunjwa, kwa hiyo nenda usimame umbali wa mkono wako. Weka mikono nyuma ya mgongo askari asipate shinikizo la damu. Chagua mstari mmoja na uufuate kwa macho tangu ulipoanza mpaka ulipoishia. Brashi ikianza huwa imejaa, rangi nene, ina ukingo. Ikiendelea inakauka, nywele za brashi zinaanza kuacha mifereji, turubai linachungulia. Utajua mkono ulitokea kushoto au kulia, ulikwenda kasi au uliburutwa, ulisimama wapi kuvuta pumzi. Ni kama kuutambua mwandiko wa mama yako juu ya bahasha kabla hujasoma neno lolote.

Kisha tazama mistari inapokatana. Rangi mbichi ikipita juu ya rangi mbichi zitachanganyika, ukingo utachafuka, nyekundu itaingia ndani ya nyeupe ikawa waridi. Ikipita juu ya rangi iliyokauka itakaa juu safi. Kwa hiyo unaweza kujua kama picha ilifanyika kwa pumzi moja au kwa wiki kadhaa. Na angalia matone yanatiririkia wapi. Yakienda chini, turubai lilisimama. Yakienda pembeni, mchoraji aliligeuza katikati ya kazi. Yakiwa yametua kama madimbwi bila kutiririka kokote, huenda turubai lililazwa sakafuni, kama alivyofanya Jackson Pollock wa Marekani miaka ya 1947 hadi 1950, akizunguka pande zote na kudondosha rangi kutoka juu.

Ila mtu ninayemwona kuwa mwalimu bora wa somo hili ni Cy Twombly, na sababu ni kwamba alifanya vyote viwili, picha na sanamu. Alizaliwa Lexington, Virginia, mwaka 1928, akahamia Roma akiwa bado kijana, na huko Roma ndiko alikofia mwaka 2011. Alipokuwa jeshini mwaka 1953 na 1954 kazi yake ilikuwa ya maandishi ya siri, na usiku alijizoeza kuchora gizani, jicho lisipate nafasi ya kuusahihisha mkono. Miaka ya mwisho ya 1960 alianza picha zinazofanana na ubao wa shule: usuli wa kijivu, na juu yake vitanzi vyeupe vilivyofuatana mstari baada ya mstari, kama vile tulivyofundishwa darasa la kwanza kuzungusha "e" na "l" kabla ya kuruhusiwa kuandika neno. Moja ya mwaka 1970, iliyoko Museum of Modern Art, ina upana unaopita mita 6. Inasimuliwa kwamba aliichora akiwa amekaa mabegani mwa rafiki yake aliyekuwa akitembea kwenda na kurudi mbele ya turubai. Ukiambiwa hivyo, unaitazama upya. Vitanzi vile vina miguu minne.

Uzeeni, katika mfululizo wa Bacchus ulioanza 2005, alifunga brashi kwenye mti mrefu akazungusha vitanzi vyekundu vinavyomzidi mtu kimo, rangi ikiachwa itiririke hadi chini. Hapo ule umbali wa mkono wako hautoshi. Ongeza urefu wa mti.

Sanamu za Twombly ni dunia nyingine kabisa, au ndivyo zinavyoonekana mara ya kwanza. Ni vipande vya mbao za makasha, kamba, vijiti, maua ya plastiki, vyote vikiwa vimepakwa rangi nyeupe au plasta. Mwaka 1959 aliacha kuzitengeneza, akazirudia 1976. Hazoumè analiacha dumu linuke petroli. Twombly analinyamazisha kasha kwa weupe, hata hujui lilibeba misumari au machungwa. Nakiri kwamba kwa miaka mingi nilimpenda zaidi Hazoumè. Kilichonibadilisha ni kusogea karibu na picha ya sanamu moja iliyochapishwa vizuri na kuona namna ule weupe ulivyopakwa: kwa haraka, nene hapa, hafifu pale, brashi ikiruka nyufa. Mkono ni ule ule wa ubao wa shule. Kwa hiyo ukiwa katika maonyesho yenye sanamu na picha za mtu mmoja, usizigawe kana kwamba ni za watu wawili. Tazama sanamu, geuka, tazama picha, rudi. Msanii anayefunga waya kwa subira jioni huenda ndiye anayelirukia turubai asubuhi kwa hasira, na ukiziweka kando kwa kando utaona ipi inampumzisha kutoka kwa nyingine.

Ndugu zetu mnaoishi Marekani, mkipita Houston kuna jengo zima la kazi zake, Cy Twombly Gallery, lililofunguliwa 1995 kwa usanifu wa Renzo Piano, na kuingia ni bure. Lina picha na sanamu.

Utakuwa umesikia, labda kutoka kinywani mwako mwenyewe, "Hata mwanangu wa chekechea anaweza kuchora hivi." Usibishane na mtu kuhusu hili. Nenda nyumbani, tandaza karatasi ya kufungia bidhaa urefu wa mita 2 ukutani, shika kipande cha mkaa, zungusha vitanzi kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, vyote vikiwa hai. Mimi nilijaribu. Kitanzi cha tano kilianza kuwa sawasawa mno, kama cha mashine. Cha tisa nilifikiria chakula, na ikaonekana. Mtoto wa chekechea niliyejaribu naye kwa kweli alinishinda mpaka alipochoka, mnamo kitanzi cha saba, akaanza kuchora gari.

Kugusa, na kununua

Usiguse. Jasho la vidole hula chuma na huacha doa juu ya rangi isiyo na vanishi. Mwaka 2007 huko Avignon, Ufaransa, mwanamke mmoja alivutiwa na turubai jeupe kabisa la Twombly hata akalibusu, akiwa amepaka rangi ya midomo. Mahakama ilimwamuru alipe euro 1,000 kwa mwenye picha, 500 kwa jumba la sanaa, na kwa mchoraji mwenyewe euro 1. Hamu ya kugusa kazi za namna hii ni ya kawaida kabisa, maana zenyewe ni alama za mikono. Iridhishe kwa kumuuliza mhudumu kama kuna kipande cha kifaa kile kile kinachoweza kushikwa. Mara mojamoja kipo.

Ukipenda kazi, omba orodha ya bei. Si utovu wa adabu. Kidoti chekundu kando ya kijikaratasi maana yake imeshauzwa. Usipatane bei kana kwamba uko sokoni Gikomba, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha, pengine nusu, inabaki kwa jumba la sanaa, na punguzo lako linaweza kutoka mfukoni mwa msanii. Uliza badala yake kama unaweza kulipa kwa awamu. Wengi hukubali. Omba cheti chenye saini, jina la kazi, mwaka na vifaa. Kwa sanamu ya kuungaunga uliza pia mambo ambayo ungemuuliza fundi: kiungo hiki kikilegea nani atakirekebisha? Mbao hii ilitiwa dawa ya mchwa? Ina kilo ngapi, na ukuta wangu wa tofali za udongo utaibeba?

Na kama unaishi karibu na bahari, uliza kuhusu kutu. Mimi sikuuliza. Nilinunua kisanamu cha waya na vizibo, kimo chake kama chupa ya soda, nikakipeleka nyumbani Mombasa na kukiweka dirishani panapoingia upepo wa chumvi. Msanii alikuwa amechagua vizibo vyenye kutu upande mmoja tu, kama uso uliogeukia jua. Baada ya mvua mbili za masika kutu ilikuwa imezunguka pande zote. Siku moja nikapokea simu ya Mama, sauti yake imejaa furaha.

"Kile kidude chako nimekusafishia, mwanangu. Nimekisugua kwa waya wa sufuria, sasa kinang'aa."